Usukani Mzito Si Usukani Unaosema

Tazama video yoyote inayolinganisha SUV ndogo za kifahari, yaani akina BMW X3, Audi Q5, Porsche Macan na Alfa Romeo Stelvio. Haipiti muda mtangazaji anabonyeza kitufe cha Sport, usukani unakuwa mzito, naye anatabasamu: hapa sasa unaihisi barabara! Mimi hapo ndipo ninapokwazika. Uzito ni kitu kimoja, habari ni kitu kingine, na magari mengi ya kundi hili yanatuuzia cha kwanza kwa bei ya cha pili.

Sasa hiyo habari inatoka wapi? Kwenye tairi. Sehemu ya tairi inayogusa lami ni ndogo, haizidi sana kiganja cha mkono. Ukikata kona, mpira wa sehemu hiyo unavutwa upande, na nguvu inayolipeleka gari kwenye kona haikai katikati ya kile kiganja. Inakaa sentimita chache nyuma yake. Kwa hiyo tairi linataka kujirudisha lenyewe kwenye mstari ulionyooka, na mvuto huo ndio unaousikia mikononi. Ukizidi kukata, mpira wa nyuma ya kiganja huanza kuteleza kwanza, ile nguvu inasogea mbele, na mvuto unapungua. Utamu wote uko hapa: mvuto huanza kupungua kabla tairi halijafika mwisho wa uwezo wake wa kushika. Usukani unakuwa mwepesi wakati gari bado limeshika. Hilo ni onyo, na limekuja mapema.

Mimi nililielewa hili kwa mikono kabla sijalielewa kwa hesabu. Tulikuwa tunapanda Kitonga, mvua imetoka kukatika, nikiendesha X3 ya rafiki yangu, ile ya kizazi cha kwanza iliyotengenezwa kati ya 2003 na 2010. Kwenye kona moja usukani ukalegea ghafla, kama mnavutana kamba halafu mwenzako anaachia. Nikainua mguu kwenye mafuta bila hata kufikiri. Ndipo nikaona rangi za dizeli iliyomwagika zinang'aa kwenye lami iliyolowa. Mikono ilijua kabla ya macho, aisee.

Ile X3 ilikuwa na stelingi ya mafuta: pampu inayozungushwa na injini, inasukuma mafuta kwenye reki. Kizazi cha pili kilichotoka 2010 kilihamia kwenye mota ya umeme, na waandishi wengi wa magari wakalalamika kwamba usukani umekuwa bubu. Tangu hapo lawama zote kaangushiwa umeme. Kwa kweli umeme una sababu zake nzuri: pampu ya mafuta inakula nguvu ya injini muda wote hata ukiwa umenyoosha barabara, mota inafanya kazi unapoihitaji tu. Tena bila mota gari haliwezi kujiegesha lenyewe wala kukurudisha kwenye mstari wako ukisinzia.

Lakini je, ni umeme kweli ulioziba mdomo wa usukani? Hebu tuwaweke pamoja Macan na Q5. Macan ilipotoka 2014 ilijengwa juu ya msingi wa Q5 ya kizazi cha kwanza, na Q5 yenyewe ilikuwa imeshahamia kwenye stelingi ya umeme 2012. Ndugu wa tumbo moja, wote wana mota. Hata hivyo usukani wa Macan umesifiwa miaka nenda rudi kuwa bora katika kundi lake, na wa Q5 umeitwa mwepesi, mtulivu, usio na neno. Tofauti iko kwenye maamuzi ya wahandisi. Macan ina matairi membamba mbele kuliko nyuma, 235 kwa 255 kwa rimu za inchi 18, wakati Q5 ina upana mmoja kote. Halafu kuna programu. Ndani ya mfumo kuna ufito wa chuma unaojisokota kidogo ukigeuza usukani; kihisi kinapima msokoto huo na kompyuta inaamua mota isaidie kiasi gani. Mhandisi akitaka utulivu, anachuja mitetemo yote, na onyo letu la tairi linachujwa humo humo pamoja na kelele za makorongo.

Stelvio ina ujanja mwingine. Uwiano wa usukani wake ni 12 kwa 1, wa haraka sana kwa gari refu namna ile. Ukigusa tu, pua imeshaelekea. Inafurahisha, sikatai. Ila wepesi wa kujibu si sawa na kusema: mtu anaweza kutii haraka na asikuambie kitu. Infiniti wao walikwenda mbali zaidi. Kwenye QX50 ya 2019 uliweza kununua mfumo ambao usukani unatuma amri kwa nyaya, na kile unachokihisi kimetengenezwa na kompyuta. Hapo angalau uongo uko wazi.

Turudi kwenye kitufe cha Sport. Mara nyingi kinachofanya ni kuiambia mota ipunguze msaada. Mikono inachoka zaidi, habari ni ile ile. Ni kama kuongeza sauti ya redio ambayo haijashika stesheni.

Najua mtu atasema: mbona kuna mfumo wa kudhibiti utelezi, na Ulaya ni lazima kwa magari mapya tangu 2014? Ni mfumo mzuri, umeokoa watu, usizimwe. Lakini wenyewe unaingia gari likishaanza kwenda kusikotakiwa. Usukani unaosema unakuwahi hapo kabla.

Kwetu magari haya yanafika mengi yakiwa yametumika, kwa hiyo kabla hujamlaumu mhandisi wa Stuttgart, angalia upepo wa matairi, bushi na tairodi. Kisha tafuta kona pana unayoijua, mwendo wa kawaida, kitufe cha Sport kikiwa kimezimwa. Shika usukani kwa vidole, usiukabe. Pale lami inapobadilika kuwa mbovu au yenye mchanga, sikiliza kama kuna chochote kilichobadilika mikononi.