Mkazo na Viungo vya Kitenzi: Habari ya L Iliyopotea

Hapa Hombolo mtoto akiandika "mvula" badala ya "mvua", au "limila" badala ya "limia", huambiwa kwamba ameharibu Kiswahili. Kusahihishwa ni haki yake. Kuambiwa ameharibu si haki. Kigogo chake kimeitunza L ya Kibantu cha kale, na Kiswahili ndicho kilichoiacha. Ushahidi umo katika Kiswahili chenyewe, maana twasema "fungua" lakini "fungulia", "zaa" lakini "zalia".

Mbona basi L ilitoka hapa, ikabaki pale? Jibu linalovutia ni la mkazo. Katika "fungula" ya kale L ilifuata silabi yenye mkazo, ikalegea. Katika "fungulila" L ya kwanza ilianza silabi yenye mkazo, ikasimama, na ya pili ikaanguka. Jibu hili tulilifundisha miaka kadhaa, nasi twaona sasa kwamba tulikosea. "Pigiana" lilikuwa "pigilana": L ilianza silabi yenye mkazo, hata hivyo imetoka. Tena katika "mbali" na "kali" imefuata mkazo, nayo ipo. Yaonekana yafaa kutazama vokali inayofuata, kwa kuwa mbele ya A ndipo L inapotoka zaidi. (Neno "lala" latupinga, nasi hatulifichi.)

Kosa letu lilitoka kwa kuwaiga wataalamu wa lugha za Ulaya pasipo kupima. Mwaka 1877 Karl Verner, mtu wa Denmark, alionyesha kwamba konsonanti za Kijerumani cha kale zilitofautiana, kama katika maneno ya "baba" na "ndugu", kwa sababu ya mkazo uliokwisha kuhama. Lakini yeye alikuwa na Kisanskriti, kilichouhifadhi mkazo ule wa kale. Sisi tulishika mkazo wa Kiswahili cha leo, ambao hukaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kila kiungo kikiongezwa nao husogea: piga, pigia, pigiana. Shahidi wa namna hii hawezi kusema habari za kale.

Kibantu cha kale kilikuwa na toni, kama A. E. Meeussen alivyoziandika juu ya mashina katika kazi yake ya mwaka 1967. Kiswahili kimezipoteza, Kigogo kingali nazo. Kwa hiyo mwalimu atakaye kuchunguza viungo hivi na amsikilize kwanza mtoto yule wa "mvula", jinsi sauti yake inavyopanda na kushuka, kabla ya kuchukua wino mwekundu.