Tumwombe Mungu uwezo tu? Juu ya "may" katika sala za Kiingereza

Wanaseminari wengi wa kwetu wanajifunza Kiingereza, nao wanafanya vizuri. Lakini kosa moja linarudi mara kwa mara katika maandiko yanayogeuzwa toka Kiingereza kuingia Kiswahili, na si kosa dogo, kwa kuwa linagusa sala ya watu. Ni juu ya verbo ndogo za kusaidia, yaani "may", "should", "would" na wenzake, zinapofuata neno "that". Mwenye kugeuza anafungua kamusi, anaona "may" ni "kuweza" na "should" ni "kupaswa", anaandika, anakwenda zake. Kazi imekwisha, lakini maana imepotea.

Tuanze na lugha tunazozizoea. Tukitaka kusema jambo tunaloliomba, Kilatini kinasema "oro ut veniat", Kifransa "je prie qu'il vienne", Kiswahili "naomba aje". Lugha ni tatu, lakini desturi ni moja: verbo yenyewe inageuka. "Venit" inakuwa "veniat", "il vient" inakuwa "qu'il vienne", "anakuja" inakuwa "aje". Ile -e ya mwisho yatosha kutuonyesha kwamba jambo halisimuliwi, bali linatakwa.

Kiingereza cha kale, miaka elfu moja iliyopita, kilikuwa na mageuzo ya namna hiyo. Baadaye miisho ya verbo ikachakaa, ikaanguka karibu yote. Lakini hakuna lugha inayoweza kukaa bila njia ya kuomba na kuagiza. Basi Kiingereza kikatwaa verbo za kusaidia, kikaziweka pahali pa miisho iliyopotea. Ndiyo maana Mwingereza anasema "I pray that he may come". Hapo "may" haina uzito wa "kuweza". Inafanya kazi ya ile -e yetu, basi.

Je, tunalo shuhuda? Tunalo. Wataalamu walikusanya maandishi ya Kiingereza yaliyopigwa chapa mwaka 1961: karibu maneno milioni moja ya Marekani, na kiasi kile kile cha Uingereza. Wakatazama maneno yanayofuata verbo za kuamuru, kudai na kushauri. Katika maandishi ya Marekani, namna ya kale bila msaidizi ilizidi sana: "the bishop orders that he come". Katika yale ya Uingereza, "should" ndiyo iliyozidi: "the bishop orders that he should come". Amri ni ile ile, askofu ni yule yule. Mmoja ametia "should", mwingine hakutia kitu, wala maana haikupungua. Basi ni wazi kwamba "should" hii haileti wajibu wake yenyewe. Wajibu umekwisha kusemwa katika "orders". Kwa Kiswahili zote mbili ni "askofu anaamuru aje". Anayeandika "askofu anaamuru kwamba anapaswa kuja" ameamuru mara mbili.

Toka hapo twapata kanuni moja: maana ya verbo ya kusaidia nyuma ya "that" yategemea kwanza verbo inayotangulia. Tazameni maneno haya mawili, "may come", chini ya mabwana watatu. "I pray that he may come": naomba aje. "I think that he may come": nadhani pengine atakuja. "The rector says that he may come": rektori anasema anaruhusiwa kuja, au tena, rektori anasema labda atakuja, sherti kusoma habari yote ndipo tujue. Kamusi haiwezi kutuambia ni ipi. Verbo inayotangulia, pamoja na habari yenyewe, ndiyo itakayotuambia.

Vivyo hivyo kwa "should". Nyuma ya maneno ya huzuni, furaha au mshangao, haina wajibu hata kidogo. "It is sad that he should die so young" maana yake ni huzuni kwamba anakufa angali kijana. Mtu akigeuza "ni huzuni kwamba anapaswa kufa angali kijana", amemhukumu marehemu kwa kalamu. Na "would", nyuma ya verbo ya kusema iliyo katika wakati uliopita, mara nyingi ni wakati ujao tu, kama unavyotazamwa toka siku ile ya kusema: "he promised that he would return" ni "aliahidi kwamba atarudi". Wengine wanaandika "aliahidi kwamba angerudi", na msomaji anangojea asikie ni kizuizi gani kilichomzuia asirudi.

Hayo ni ya shule. Sasa tufike kwenye altare, maana hapo ndipo jambo linapokuwa zito.

Tume ya kimataifa ya Kiingereza katika liturjia ilianzishwa Roma mwaka 1963, wakati wa Konsilio. Misali iliyoitengeneza ilitoka mwaka 1973. Ilifuata mafundisho ya Roma ya mwaka 1969, yaliyotaka watu wasikie na kufahamu kwa lugha yao wenyewe. Basi sala fupi ya mwanzo wa Misa, ambayo kwa Kilatini ni sentensi moja ndefu, ilikatwa vipande vipande. Mara nyingi "ut" iliondolewa pamoja na fungu lake lote, na pahali pake pakawekwa ombi la waziwazi, kama kumwambia Mungu: utusaidie tufanye jambo hili. Sala zile zilisikika upesi, wala hatuwezi kuzinyima sifa hiyo. Lakini watu wengi walilaumu neno la "kusaidia" lililorudishwa kila mara. Anayesaidiwa ndiye mwenye kazi. Msaidizi anashika upande mmoja tu wa mzigo.

Mwaka 2001 Roma ilitoa mafundisho mengine, *Liturgiam authenticam*, yaliyodai kufuata Kilatini kwa karibu zaidi. Matunda yake ni Misali mpya ya Kiingereza, iliyoanza kusomwa katika nchi nyingi Dominika ya kwanza ya Adventi, tarehe 27 Novemba 2011. Hapo "that" na "may" zimerudi kwa wingi: utujalie, Ee Mungu, "that we may" kufanya hivi na hivi. Sisi twaona marudio haya yalikuwa mema. Ombi limefungwa tena na neno la kujalia, na Mungu ndiye anayetenda toka mwanzo hata mwisho wa sentensi. Kasoro ipo: mara nyingine kati ya "that" na "may" wametia maneno mengi mno, hata padri anaishiwa pumzi na waamini wanapoteza njia. Na kasoro nyingine imefichika zaidi. Kilatini kinatofautisha "ut amemus", yaani tupende, na "ut amare valeamus", yaani tuweze kupenda. Kiingereza kinaweza kusema yote mawili kwa "that we may love". Msikilizaji Mwingereza hapati hasara kubwa, kwa sababu sikio lake limezoea. Lakini anayetwaa Kiingereza kile kama chemchemi ya Kiswahili chake, anakunywa maji ambayo mtu mwingine amekwisha kuyachanganya.

Naye atafanya nini? Ataona "may", ataandika "tuweze". Utujalie tuweze kukupenda, tuweze kukutumikia, tuweze kufika mbinguni. Toka mwanzo wa sala hata mwisho, "tuweze" juu ya "tuweze". Ndugu wasomaji, mnajua ni nani aliyesema kwamba Mungu anatupa uwezo, na yanayobaki ni yetu? Ni Pelagius. Yeye aligawanya mambo matatu: kuweza, kutaka na kutenda. Kuweza, alisema, kunatoka kwa Mungu. Kutaka na kutenda ni vya mtu mwenyewe. Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake juu ya neema ya Kristu, cha mwaka 418, alikamata mgawanyo huo na kuukataa, akimtegemea Mtume Paulo, ambaye anawafundisha Wafilipi (2, 13) kwamba hata kutaka na kutenda kwetu ni kazi ya Mungu ndani yetu.

Hatusemi kwamba kila anayeandika "tuweze" ni mzushi. Hasha. Pahali ambapo Kilatini kinasema "possimus" au "valeamus", "tuweze" ni haki yake, na kuliondoa ni kosa. Pahali penye "mereamur", tuseme "tustahili". Lakini pahali penye verbo tupu, tusiongeze kitu. "Utujalie tukupende" yaomba upendo wenyewe. "Utujalie tuweze kukupenda" yaomba nguvu za kupenda tu, na haijasema bado kama tutapenda. Mkristu anayesikia sala ya pili kila Dominika, miaka makumi matatu, mwishowe atasadiki kama alivyosali: kwamba Mungu anampa jembe, na shamba ni lake peke yake.

Wengine watajibu: Kiswahili kinapenda "tuweze", kinasikika kwa adabu. Ni kweli, katika barua kwa mkubwa neno lile linalainisha ombi. Lakini mtoto anayemwomba baba yake chakula hasemi "unijalie niweze kula". Anasema "nipe nile". Na yule ambaye sala inamwendea ni Baba.

Basi tushike mambo mawili. La kwanza, mwenye kugeuza Kiingereza chochote atafute kwanza verbo iliyo mbele ya "that", aiulize: wewe waomba, waamuru, wadhani, au wasimulia? Akiomba au akiamuru, aandike -e. Akidhani, aandike "labda" au "pengine". Akisimulia, aangalie wakati. La pili, kwa sala za Misa, asianze na Kiingereza kamwe. Mafundisho yale ya mwaka 2001 (namba 24) yanaagiza kugeuza toka maandiko ya asili, si toka lugha nyingine. Tena mwaka 2017 Papa Fransisko, katika barua *Magnum Principium*, aliongeza wajibu wa mabaraza ya maaskofu katika kazi hii. Maaskofu nao watawatafuta wagezaji wa sala kati ya mapadri wao, na mapadri wale leo wanakaa kwenye madawati ya seminari. Wasiogope Kilatini. Na wakatekista, mnaofundisha watu kusali nje ya Misa kwa maneno yenu wenyewe, mnayo tayari ile -e mliyopewa na mama zenu. Itumieni bila haya, maana lugha nyingine zimeipoteza, nazo zinahangaika kuitafuta.