Pumzi, Herufi na Dakika Tatu: Ufundi wa Siti binti Saad

Katika opera, yaani tamthilia ambayo wahusika huimba maneno yao badala ya kuyasema, soprano ni mwimbaji wa kike mwenye sauti ya juu kuliko zote, na kipimo cha ufundi wake ni kuifikisha sauti hiyo kwa aliyeketi nyuma kabisa bila kipaza sauti, huku ala nyingi zikipigwa kwa pamoja. Katika Uswahili, kazi iliyo karibu na hiyo ilifanywa na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 hivi, mama akiwa Mzigua na baba mwenye asili ya Unyamwezi, nchi ya wapagazi.

Kupanda kwake husimuliwa mara nyingi kama kudra tupu, ilhali ufundi wake unaweza kuonyeshwa hatua kwa hatua. Ujanani aliuza vyungu akivinadi njiani, na mwenye kunadi huku amejitwika mzigo hulazimika kuvuta pumzi kwa tumbo, shingo ikiwa imenyooka na koo limelegea, la sivyo sauti humkauka kabla ya adhuhuri. Wanafunzi wa opera hulipia miaka ya masomo ili kuipata stadi hiyo.

Baada ya kuhamia mjini mnamo 1911 alifunzwa uimbaji wa Kiarabu na Ali Muhsin, akajifunza pia kusoma Kurani kwa tajwidi, yaani kanuni za kutoa kila herufi mahali pake kinywani na kuvuta irabu kwa vipimo maalumu. Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Taarabu ya Ikhwani Safaa, klabu iliyoasisiwa mwaka 1905, iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliyatwaa mapambo ya uimbaji huo, hasa lile la kuipitisha silabi moja katika noti nyingi mfululizo, akayatia katika mashairi ya Kiswahili pasipo neno kumezwa na lahani.

Machi 1928, yeye na wenzake, wakiwamo Subeti Ambar na Mbaruk Talsam, walirekodi Bombay kwa kampuni yenye nembo ya His Master's Voice. Maikrofoni ya umeme, iliyoingia katika kazi ya kurekodi mwaka 1925, ilinasa sauti nyembamba za juu vizuri kuliko pembe iliyotumika awali, lakini upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi tu, kwa hiyo wimbo uliozoea kujinyoosha barazani ulipaswa kupunguziwa utangulizi wa ala na marudio, mzigo wote ukabaki juu ya matamshi. Mwaka huohuo reli ya Tabora hadi Mwanza, ipitayo Unyamwezi, ilikamilika, na santuri ni shehena inayopakiwa kwenye behewa bila mwimbaji kuondoka Unguja. Kufikia 1931 zilikuwa zimeuzwa zipatazo 72,000, nyingi kwa watu ambao hawakupata kumwona Siti, wala hawakuhitaji, kwa kuwa kila neno lake lilisikika.