Mdalasini hautaokoa mche wako

Ukiona utando mweupe kama pamba juu ya udongo wa kopo la ua, ushauri unaozunguka ni uleule: nyunyiza mdalasini, kaanga udongo kwenye sufuria, weka kokoto chini ya kopo, na safari nyingine chukua udongo mweusi wa kibanjani. Hebu tuupime mmoja mmoja, maana kwa mtu wa Bukoba au Muleba mwingi unapiga kivuli.

Tuanze na ukungu wenyewe. Hao ni fangasi wanaokula vilivyokufa: majani, samadi, vipande vya mabua. Mche ulio hai kwa kawaida hawaugusi. Wanachokuambia ni kwamba juu ya udongo kuna chakula na unyevu usiokauka. Mdalasini unaweza kuwapunguza kweli, lakini unyevu umeuacha palepale, kwa hiyo watarudi. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, ukwangue ule utando ukautupe nje. Wengine tusiwe na hofu nao.

Kukaanga udongo je? Joto la nyuzi 60 hadi 80 kwa nusu saa linaua vimelea vingi, na kwa kuotesha mbegu linafaa, kwa sababu miche michanga inauawa na kinyausi. Ila kwa ukungu, hapana. Mbegu zake zinaelea hewani kila siku, na udongo uliokaangwa hauna tena vijidudu vya kushindana nazo. Ya kwanza kutua inakuta meza imeandaliwa na walaji wengine hawapo.

Kokoto ndiyo inayodanganya wengi, kwa sababu inaonekana ina akili. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ishike ikiwa bapa mpaka iache kuchuruzika. Sasa isimamishe wima. Mbona inachuruzika tena? Maji hung'ang'ania kwenye vitundu vidogo, na sehemu ya chini hubaki imelowa chepechepe. Kimo kikiwa kifupi, sehemu kubwa zaidi ya sponji inabaki imelowa. Kopo la ua liko hivyohivyo. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi pana za kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo kokoto haziondoi tope, zinalipandisha karibu na mizizi. Kinachosaidia ni matundu chini ya kopo, kopo lenye kimo, na udongo wenye chembe kubwa kuanzia juu hadi chini.

Sasa udongo wa kibanjani. Sifa zake ni za kweli: weusi ule ni kazi ya vizazi vya samadi na nyasi zilizoletwa kutoka rweya. Lakini kibanjani kuna minyoo wanaotoboa njia za hewa na migomba inayokunywa maji mchana kutwa. Ukiutia kwenye kopo lililo sebuleni, unabaki chakula kingi, maji mengi na hewa kidogo. Tena mji wa Bukoba unapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, Dodoma karibu 600. Kanuni ya kumwagilia kila siku iliyotoka kwenye ukame haiwezi kukufaa mwezi wa nne huku kwetu.

Halafu kuna jambo ambalo ushauri huu hauligusi kabisa: udongo umetoka wapi? Mnyauko wa kahawa ulibainika Kagera mwaka 1997, na mnyauko wa migomba mwaka 2006. Vimelea vyake havina pamba nyeupe ya kukuonya. Ukijaza viriba kwa udongo wa mahali mbuni au mgomba ulikauka, ugonjwa unaweza kusafiri na mche hadi shamba la jirani. Tunaogopa fangasi asiye na kosa, huku tukimbeba muuaji kwenye debe! Ndiyo maana miche ya kahawa ya robusta ni bora itoke kwenye kitalu kinachotambulika, kama cha TaCRI Maruku. Zile aina za Maruku 1, Bukoba 1 na Muleba 1 zilichaguliwa kwa kustahimili mnyauko, lakini hata hizo hazistahili kuanzia maisha kwenye udongo wenye historia mbaya.

Basi ufanyeje? Mchanganyiko wa debe tatu za udongo wa juu, mbili za samadi na moja ya mchanga ni mwanzo mzuri. Kwa kopo la ndani huku kwetu, punguza samadi iwe debe moja, na ongeza mchanga mnene au pumba za mpunga ziwe debe mbili. Samadi na maganda ya kahawa viwe vimeoza mpaka vimepoa. Vikiwa vibichi vinalisha ukungu. Ukinunua mfuko dukani, ufungue unuse: harufu ya mayai viza maana yake umekosa hewa, urudishe.

Kisha mwagia. Maji yakituama juu kwa zaidi ya dakika moja, changanya upya. Na kabla ya kumwagia tena, nyanyua kopo. Likiwa bado zito, liache. Mche unaweza kusubiri kesho. Mizizi iliyooza haiponi.