Sifa ya Mkono Unaofumua

Watu husema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Msemo huo unamfaa mwanafunzi wa hesabu, na unamfaa hata mpishi ambaye ugali wake ukitoka mabonge ataula mwenyewe akanyamaza. Ukiingia saluni, msemo huohuo unaanza kuyumba. Anayekosea pale ni mkono wa mtu mmoja, anayeumia ni kichwa cha mwingine. Tena kichwa hicho hakibaki saluni. Kitapanda daladala, kitaingia ibadani, kitakaa harusini mbele ya mawifi, na kila atakayekiona atauliza: "Nani kakusuka?"

Ukitoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, iliyozinduliwa Februari 2021, ukaifuata Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha, saluni zitakusindikiza pande zote mbili. Kuna za fremu yenye vioo, draya zimepangwa na picha za warembo zimebandikwa ukutani. Kuna za kibarazani: mkeka, stuli, ndoo ya maji na rasta zinazoning'inia kwenye msumari. Kibamba, iliyo kando ya barabara hiyo na iliyokuwa ikihesabiwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya, inazo zote. Mwaka 2017, majengo yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kati ya Kimara na Kiluvya yalipobomolewa kupisha upanuzi, biashara nyingi za kando ya lami zililazimika kurudi ndani mitaani. Katika hamahama za namna hiyo ndipo inapoonekana thamani ya msusi, kwa maana mteja wa nywele hafuati fremu, anafuata mkono. Msusi mwenye mkono mzuri hata akihamia nyuma ya zizi la kuku, wateja watauliza njia.

Karibu kila saluni ina binti ambaye bado haitwi fundi. Yeye hufagia, huchota maji, huchambua rasta na kumshikia fundi kitana. Hulipwa kidogo au halipwi, na mara nyingine nyumbani kwao ndiko kunakotoka ada ya kujifunza. Insha hii ni ya kuusifu ufundi unaomlea binti huyo, hasa kwa sababu ya jinsi unavyomfundisha kukosea.

Kazi ya kwanza anayokabidhiwa kichwani mwa mteja ni kufumua. Mteja anakuja na rasta za wiki sita, binti anazifungua moja moja kwa mkia wa kitana, huku fundi akiendelea na kichwa kingine. Wengi huiona ni kazi ya kumtumikisha mgeni. Mimi naiona ndiyo darasa lenyewe, maana anayefumua anausoma mkono wa msusi aliyetangulia. Anaona pale ambapo rasta nene imening'inizwa kwenye nywele chache za pembeni, pale ambapo fundo limebana hadi ngozi ikatoa vipele, pale ambapo msusi alichoka na mistari ya kisogoni ikaanza kujiendea. Kabla hajatenda kosa lake la kwanza ameshagusa ya wenzake mengi.

Na kufumua kwenyewe kuna mitego. Ili kazi iwe nyepesi, rasta hukatwa kwanza kwa mkasi, chini ya pale nywele za mteja zinapoishia. Zinaishia wapi? Hilo huulizwa, halikisiwi. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mkasi ukipanda sentimita 10 juu ya kipimo, umekata jasho la karibu mwaka mzima. Mtego wa pili ni maji. Pale rasta ilipoanzia hujikusanya vumbi na mafuta, yakawa uchafu wa kijivu. Mwanafunzi mwenye haraka humpeleka mteja kwenye sinki kabla ya kuuchambua, na maji yakigusa, nywele hushikana zikawa bonge ambalo kitana hakiingii. Kulifungua bonge hilo ni mafuta mengi, vidole vingi na maneno ya mteja yasiyoandikika hapa.

Mtego wa tatu ni wa moyo. Binti anafumua, anachana, anaona mkononi nywele tele, anadhani amezing'oa yeye. Fundi anamtuliza kwa hesabu. Mtu mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Zikiwa zimesukwa hazina pa kuangukia, zinabaki humo humo, na kwa wiki sita hufika 2,000 hadi 4,000 hivi. Kisha anamwonyesha pa kutazama. Nywele iliyotoka kwa wakati wake ina kitone cheupe upande wa mzizi. Iliyokatika ni kipande kifupi kisicho na kitone. Ya kwanza ni maumbile. Ya pili ina mwenyewe, na ni juu ya msusi kujiuliza kama mwenyewe ni yeye. Sijui ufundi mwingine ambao humfundisha mwanafunzi mapema hivyo kupambanua lawama iliyo yake na isiyo yake.

Baada ya kufumua huja kusuka, na hapo panahitajika vichwa. Kinyozi hajinyoi, basi wanafunzi husukana wao kwa wao, halafu huwakamata wadogo zao na watoto wa jirani. Mtindo wa kuanzia huwa twende kilioni, ile mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni, ambayo mwanamke aliyepata taarifa ya msiba alfajiri anaweza kusukwa haraka akawahi. Ni mtindo usio na majivuno, na kwa sababu hiyohiyo hauna mahali pa kuficha kosa. Mstari ukipinda unaonekana. Njia moja ikiwa pana kuliko mwenzake, inaonekana. Mkono wa kushoto ukiwa mzito kuliko wa kulia, nusu ya kichwa itafumuka wiki moja kabla ya nusu nyingine.

Fundi hupita, hutazama, husema: "Fumua." Hakuna hotuba. Binti aliyetumia mchana mzima kufikia utosini anarudi mwanzo, mtoto aliye mapajani analia, jua linazama. Makosa ya aina hii inafaa awe nayo mengi, na ayatende mapema. Gharama yake ni muda, na kichwa kinabaki kama kilivyokuwa. Kusukana wenyewe kunamwongezea somo jingine: aliyevutwa nywele jana na mwenzake anajua leo anapoambiwa "hapa panauma" kwamba huyo anayesema hadeki. Msusi mzuri husuka kwa masikio pia. Husikia mteja anapovuta pumzi, huona bega linapopanda, akalegeza kabla hajaombwa.

Yapo makosa mengine ambayo "fumua" haiyawezi, na hapo ndipo msemo tulioanza nao unapokwama.

La kwanza huja limevaa sifa. Mteja mwenyewe huliagiza: "Kaza, dada, nataka zidumu." Msusi anakaza. Siku hiyo kichwa kinang'aa, mistari imekaa, macho yamevutwa kidogo, kila mtu anasifia. Usiku mteja anameza Panadol ili aweze kulala. Akirudia hivyo mwaka baada ya mwaka, nywele za kwenye paji na juu ya masikio zinaanza kurudi nyuma. Madaktari waliueleza upotevu huu wa nywele tangu mwaka 1907, walipouona kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kuzikaza sana. Ukigunduliwa mapema na mvuto ukaachwa, nywele hurudi. Ukiachwa muda mrefu, mizizi hufa, pakabaki ngozi tupu inayong'aa.

Tazama ugumu wa kosa hilo kwa anayejifunza. Makosa mengine humwadhibu palepale. Hili humpa pongezi leo na kumleta mteja mwenye upara miaka kadhaa baadaye, pengine kwenye saluni ya mtu mwingine kabisa. Mwanafunzi akitegemea uzoefu wake peke yake, atajifunza baada ya kuharibu vichwa vya mtaa mzima. Kwa hiyo anahitaji mtu aliyekaa kitini miaka mingi, aliyewasuka akina mama wakiwa wasichana na sasa anawasukia mabinti zao. Fundi wa namna hiyo ana kumbukumbu ya vichwa. Anaweza kumwambia mteja, "Mama, pembeni hapa tupumzishe, nikusukie nyepesi," na mteja akakubali, ingawa angemkatalia binti wa miaka kumi na tisa. Kumkatalia mteja kwa heshima ni sehemu ya ufundi kama ilivyo kuchora njia.

La pili ni dawa ya kulainisha nywele. Asili ya nywele ni uchachu kidogo. Dawa kali za kulainisha ziko upande wa pili kabisa wa kipimo, pH 12 hadi 14, huko ziliko kemikali za kuzibulia mabomba. Hufanya kazi kwa kuvunja viungo vya ndani vinavyoushikilia mkunjo wa nywele, na hazijui tofauti kati ya nywele na ngozi. Kwa hiyo kuna masharti: kichwa kisikunwe wala kuoshwa kabla, mafuta ya mgando yapakwe kwenye ngozi na masikioni, dawa iguse nywele zilizoota karibuni tu, maana zilizokwisha kulainishwa zikipakwa tena hukatika, na saa itazamwe. Mteja akisema inawasha, mazungumzo yamekwisha, ni kuosha. Na kuosha kuwe hadi mwisho, kwa shampuu ya kuituliza dawa. Nyingine hubadili rangi ya povu dawa ikiwa bado imo.

Vitabu vinavyouzwa na makopo yenyewe vinaeleza hayo yote. Kibamba ina sharti lake la nyongeza: kabla ya kufungua kopo, angalia maji. Maji ya huku hutoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na siku yanapokatika bomba halipigi hodi kuaga. Mwanafunzi aliyepaka dawa kisha akafungua bomba likakohoa hewa tupu atakumbuka maisha yake yote, na mteja wake zaidi. Kwenye saluni yenye mwenye akili, ndoo zilizojaa husimama kando ya sinki kabla mteja hajavua kitambaa. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, walisema wa kale; anayejifunza saluni huutii ushauri huo kwa ndoo halisi, kwa sababu ya kichwa alichokiona kikiungua au alichosimuliwa.

Dunia nzima ya nywele imejengwa juu ya vichwa vya watu wengine. Mjerumani Karl Nessler alionyesha hadharani jijini London mwaka 1905 njia yake ya kuzikunja nywele kwa joto zikabaki na mawimbi kwa muda mrefu. Majaribio yake mawili ya awali aliyafanya kwa Katharina Laible, mwenzi wake, na yote mawili yalimuunguza nywele na ngozi ya kichwa. Historia imeliweka jina la Nessler mbele. Kwa haki, jina la Katharina lingetangulia, kama ambavyo katika kila saluni ya mtaani kuna mdogo wa mtu aliyekubali kichwa chake kiwe daftari na hatajwi popote.

Vyuo vinaweza kupunguza deni hilo. VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi nchini, yakiwemo ya nywele na urembo, na ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Darasani mwanafunzi anaelewa kwa nini dawa inawasha, jambo ambalo kibarazani angeambiwa tu kwamba inawasha. Lakini hakuna darasa linaloweza kumpa miezi ya kufumua, na hakuna mtihani wa maandishi unaopima kama mkono unalegea mteja anapovuta pumzi. Anayepata vyote viwili, nadharia ya chuo na kufumua kwa kibaraza, ndiye wa kumkabidhi kichwa.

Hivyo ufundi huu humfundisha mtu kuyapanga makosa yake mafungu mawili. Yanayofumulika ayatende bila woga, kwa wingi, angali mwanafunzi. Yasiyofumulika ajifunze kwa macho na masikio, kwenye makosa ya waliomtangulia, na akubali kuonekana mwoga. Ni hekima ambayo ningependa iwafikie wengi wanaofanya kazi juu ya maisha ya watu, kuanzia wanaochora barabara hadi wanaoandika mitaala, maana huko pia kuna mambo yanayobadilishwa wiki ijayo na mengine yanayosubiri kizazi kiote upya.

Siku ukikaa kitini pale karibu na kituo cha Kibamba CCM, na binti akafika nusu ya kichwa, akasimama, akasema, "Samahani, mama, mstari huu haujanipendeza, naomba niufumue," usigune wala usitazame saa. Anajua kosa lake ni la fungu gani, na amelisema kabla hujatoka nalo barabarani. Mlipe bei ileile ya fundi.