Deni la Muuza Dawa Kipofu

Wapo walimu wenzetu wanaoamini kwamba michezo ya kompyuta haistahili kuhakikiwa kama kazi nyingine za sanaa. Sisi tuliokuwa vijana hapa Kigali mwishoni mwa miaka ya 1990 hatuwezi kukubaliana nao, maana mmoja wa michezo hiyo ulitufundisha kusoma kwa makini.

Mchezo wenyewe ni Ultima IV, uliotungwa Marekani na Richard Garriott mwaka 1985. Ulitufikia ukiwa umekwisha kuzeeka, katika kompyuta kuukuu ya jirani mmoja mtaani Nyamirambo.

Kwa upande wa fani, mchezo huu ni maskini. Picha zake ni duni, na wahusika wake wana maneno machache. Ili mhusika akujibu, hukubidi umwandikie neno la kumwuliza: jina lake, kazi yake, afya yake. Ukikosea herufi, hupati jibu. Nje dirishani watu walizungumza Kiswahili. Ndani sisi tulihangaika na Kiingereza, kamusi mkononi.

Uzito wake umo katika maudhui. Michezo mingi ya aina hii humtaka shujaa amwue adui mkuu. Huu humtaka ajipatie fadhila nane, zikiwamo ukweli, huruma, haki na unyenyekevu. Yumo muuza dawa kipofu ambaye hutaja bei, kisha humwachia mnunuzi ahesabu sarafu mwenyewe. Sisi tulimpunja, tukacheka. Siku nyingi baadaye tulimwendea mwaguzi katika kasri ya mfalme atupime ukweli wetu, tukatambua kwamba udanganyifu ule haukusahauliwa. Aibu iliyotupata hatukuwahi kuipata darasani.

Kasoro haikosekani. Wema umegeuzwa kuwa hesabu: mchezaji aweza kumpa ombaomba sarafu si kwa kumhurumia, bali kwa kujiongezea kipimo cha huruma.

Hata hivyo, mwalimu wa fasihi ana la kujifunza hapa. Katika Utendi wa Fumo Liyongo wa Muhamadi Kijumwa (1913), mwana anamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Tumezoea kuwauliza wanafunzi: nani alimwua Liyongo, na kwa silaha gani? Maswali hayo hujibiwa kwa kukariri tu. Mchezo ule ungemwambia mwanafunzi: wewe ndiwe mwana huyo, umeahidiwa tuzo, baba amelala, sindano unayo. Wafanyaje?

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, lakini sheria peke yake haimfanyi kijana aipende lugha. Twapendekeza walimu walijaribu swali hilo darasani, na jibu lidaiwe kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayetaka kujitetea atalitafuta neno linalomfaa, kama sisi tulivyoyatafuta ya Kiingereza mbele ya yule kipofu, ambaye hata leo twamkumbuka kwa haya.