Mwitiko Usio na Mwito: Istilahi za Mwendo wa Wanyama

Tumepitia mswada wa tafsiri ya kitabu cha baiolojia kwa shule za sekondari. Lugha yake kwa jumla ni fasaha. Walakini sura ihusuyo mfumo wa neva ina istilahi mbili ambazo, zikiachwa zilivyo, zitamfundisha mwanafunzi jambo lisilo kweli.

Ya kwanza ni mwitiko. Mfasiri ameitumia kwa mguu unaoondolewa juu ya mwiba, na pia kwa kutembea, kuogelea na kuruka angani. Lakini aitikaye ameitwa kwanza. Mwaka 1911, huko Uingereza, T. Graham Brown alikata ugwe mgongo wa paka pamoja na neva ziletazo hisi za miguu ya nyuma. Hata hivyo, misuli ya miguu hiyo iliweza kukunja na kunyoosha kwa zamu. Mwaka 1961 Donald Wilson aliondoa hisi za mabawa ya nzige. Mapigo ya mabawa yalipungua kasi, lakini utaratibu wake haukupotea. Ni dhahiri, basi, kwamba zamu hiyo huzaliwa ndani ya mfumo wa neva wenyewe. Hisi huurekebisha mwendo. Haziuanzishi kila hatua. Mwitiko ubaki kwa mguu na mwiba.

Ya pili ni jenereta ya kati ya ruwaza, jina la kundi la neva lifanyalo kazi hiyo. Hapa mfasiri amefuata neno kwa neno. Jenereta humkumbusha msomaji umeme na mafuta ya dizeli. Nalo neno kati halielezi kati ya nini na nini. Wako watakaopendelea chanzo cha mapigo. Hatuafiki, kwa kuwa mapigo yamekwisha kuwa ya moyo, na pigo la moyo wa binadamu huanzia katika misuli ya moyo wenyewe, si katika neva.

Sisi twapendekeza kipangamwendo, kwa kufuata muundo wa kipimajoto. Kupanga ni kuweka kila kitu kwa zamu yake, na ndiyo kazi ya neva hizo: msuli ukunjao ufuatwe na ule unyooshao. Neno ni fupi, nalo lakubali wingi bila taabu: vipangamwendo.

Walimu na wafasiri wanaombwa walijaribu darasani na katika miswada yao, kisha watuletee maoni kabla halijapelekwa kusanifiwa.